Nusu ya Barua ya Mwalimu

Naungama kwamba nilimfanya mwalimu mmoja mstaafu aonekane amesema kinyume cha alichoandika. Alipokuja kuniuliza, nilimdanganya. Kosa la kwanza lilitokana na haraka, na kwa muda mrefu nilijificha nyuma ya haraka hiyo, nikijiambia kwamba kazi ya gazeti ndivyo ilivyo. La pili halikutokana na haraka hata kidogo. Ndilo linalonifanya niandike leo.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nahariri ukurasa wa barua katika gazeti moja la Kiswahili la Dar es Salaam. Mfumo wa vyama vingi ulikuwa umerudi mwaka 1992, magazeti binafsi yalikuwa yakizaliwa kila uchao, na watu waliokuwa wamekaa kimya miaka mingi walikuwa na mengi ya kusema. Barua zilikuja kwa posta, nyingine zililetwa kwa mkono na ndugu waliokuwa wakija mjini. Zilitoka Tukuyu, Newala, Kasulu, Wete. Nyingi ziliandikwa kwa kalamu ya wino kwenye karatasi za mistari zilizochanwa katika daftari. Nilizipenda. Sitaki msomaji adhani nilikuwa mtu asiyejali, maana asiyejali hana cha kuungama.

Mjadala mkubwa wa wakati ule ulikuwa lugha ya kufundishia. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilikuwa imependekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikalikataa pendekezo hilo, na mwaka 1984 ikasema Kiingereza kitaendelea. Mwaka huohuo wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta kwamba wengi sana wa sekondari hawawezi kufuata masomo kwa lugha hiyo. Kisha ikaja Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, nayo ikakiacha Kiingereza palepale kilipokuwa. Watu waligawanyika vibaya. Aliyetetea Kiswahili aliambiwa anataka watoto wa wakulima wabaki vijijini huku wa wakubwa wakipelekwa nje. Aliyetetea Kiingereza aliambiwa ana kasumba ya mkoloni.

Barua ya Mwalimu ilifika katikati ya joto hilo. Ilikuwa na karatasi nne, mwandiko ulionyooka, herufi za mtu aliyezoea ubao. Alikuwa mtu wa kizazi kilichojifunza kusoma gazeti kwa *Mambo Leo*, lile lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, ambamo watu walijibizana kwa barua na mashairi mwezi baada ya mwezi. Katika malumbano ya aina ile kulikuwa na adabu yake. Humjibu mtu kabla hujaonyesha kwamba umemwelewa. Unayarudia maneno yake, tena kwa uzuri kuliko alivyoyasema mwenyewe, halafu ndipo unamgeukia.

Mwalimu aliandika hivyohivyo. Karatasi mbili za mwanzo alizitumia kuwasemea wanaotaka Kiingereza kibaki. Alisema wana hoja tatu: kwamba vitabu vya sekondari vya Kiswahili hakuna na nchi haina fedha za kuviandika, kwamba istilahi za sayansi hazitoshi, na kwamba mtoto asiyejua Kiingereza atafungiwa dunia. Kila hoja aliipa mifano na kuitendea haki. Hakubeza. Mtu aliyesoma karatasi hizo mbili tu angeapa kwamba mwandishi ni mmoja wao.

Nami nilisoma karatasi hizo mbili tu.

Jioni ile lililetwa tangazo la nusu ukurasa, limeshalipiwa, na mhariri mkuu akaamua likae kwenye ukurasa wangu. Barua nne zikabidi ziwe mbili, na hizo mbili zifupishwe. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Mwandishi wa habari hufundishwa kuweka lililo zito juu na dogo chini, ile tunayoiita piramidi iliyopinduliwa, ili nafasi ikibana mhariri akate kuanzia chini bila kuiua habari. Kwa habari ya ajali ya basi au ya kikao cha bunge, utaratibu huo ni sahihi kabisa. Lakini mtu anayejenga hoja haandiki hivyo. Yeye uzito huuweka mwisho. Nilichukua kanuni ya habari nikaitumia kwenye hoja, nikakata kuanzia chini, na nilichokitupa ndicho alichoandikia barua.

Si hayo tu. Katika karatasi zile mbili Mwalimu alikuwa ametia “eti” hapa na pale: eti istilahi hazipo, eti mtoto atafungiwa dunia. Gazeti letu liliona neno hilo ni la mazungumzo, halifai kuchapwa, nami nikayafuta yote. Kalamu yangu ilipita juu ya alama pekee zilizokuwa zikimwambia msomaji kwamba maneno haya ni ya watu wengine. Kisha nikatunga kichwa cha barua. Wasomaji wengi hudhani mwandishi wa barua ndiye anayeandika kichwa chake. Sivyo. Mimi ndiye niliyeandika kwa herufi nzito kwamba Kiswahili hakifai sekondari, na chini yake likakaa jina la mtu aliyekuwa amekitetea.

Majibu yalianza kuja wiki ileile. Sijawahi kupata majibu mengi namna hiyo kwa barua moja. Wapo waliojibu kwa hoja, na hao, kwa uchungu nasema, walirudia karibu neno kwa neno yale ambayo Mwalimu mwenyewe alikuwa ameyaandika katika karatasi ya tatu na ya nne. Lakini wengi walimtukana. Walimwita kibaraka, walimwita mtumwa aliyefunguliwa minyororo akaililia. Mmoja, aliyesema alisoma kwake zamani, aliandika kwamba anaona aibu kuwahi kumwamkia. Nilichagua makali zaidi nikayachapa, kwa sababu gazeti lilikuwa likinunuliwa na mhariri mkuu alikuwa akinisifu. Hata wakati huo sikurudi kuitazama barua yenyewe. Ilikuwa kwenye droo ya meza yangu, mkono wangu ungeifikia bila mimi kusimama.

Ndipo ikaja barua yake ya pili. Ilikuwa fupi, ya heshima, haina hata neno moja la hasira. Alisema anaamini kuna karatasi zilizopotea, akaomba tukizipata tuzichape, na kama zimepotea kabisa yuko tayari kuziandika upya. Mtu huyu alikuwa akinitafutia udhuru. Nilifungua droo, nikasoma karatasi ya tatu, na mwili ukanifa ganzi.

Nilikuwa bado na nafasi ya kutengeneza mambo. Ningechapa barua nzima mahali palepale, kwa ukubwa uleule, na maelezo kwamba kosa ni letu. Sikufanya. Niliandika masahihisho, yakawekwa ukurasa wa ndani chini ya matangazo madogo ya viwanja na magari, yakisema kwamba katika barua fulani baadhi ya maneno yaliachwa kwa ufinyu wa nafasi, na kwamba tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Maneno hayo hayakumwambia mtu yeyote kitu chochote. Niliyachagua kwa sababu hayakusema kitu.

Baadaye akaja mwenyewe. Alikuwa amefika mjini kufuatilia pensheni yake, akapita ofisini kwetu na bahasha mkononi. Nilimwamkia.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa barua?”

“Ndiyo, Mwalimu. Karibu ukae.”

Hakukaa. Aliniuliza swali moja tu: “Ile barua yangu uliisoma yote?”

Kweli ilikuwa rahisi. Ningemwambia, hapana Mwalimu, sikuisoma, nilikata kabla sijafika mwisho, nisamehe. Naamini angenisamehe papo hapo, maana alikuwa amekaa darasani maisha yake yote na vijana wasiomaliza kusoma. Lakini wenzangu walikuwa wakisikiliza, na mhariri anayekiri kwamba hakusoma alichokichapa amekiri kwamba hajui kazi. Nikamjibu: “Niliisoma yote, Mwalimu. Nafasi ndiyo iliyokuwa ndogo.”

Alinitazama kidogo. “Kama uliisoma yote,” akasema, “basi ulikusudia.”

Akaaga, akatoka. Bahasha aliondoka nayo. Nadhani ndani yake ilikuwamo barua aliyoiandika upya.

Nimeyarudia maneno yake mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Kwa uongo wangu nilimpa maana ambayo haikuwa ya kweli: kwamba ofisini mwetu kuna mtu aliyeelewa kila neno lake, akayageuza kwa makusudi ili kumdhalilisha. Nilipendelea aniite mbaya kuliko aniite mvivu. Kwa hiyo nilimharibia maneno yake mara mbili, kwanza mbele ya wasomaji, kisha nikamharibia na yale aliyoyadhani kuhusu watu. Hakuandika tena katika gazeti letu. Hilo nalijua, kwa sababu mwandiko wake ningeutambua.

Miaka iliyofuata nilisoma katika *Phaedrus* ya Plato hoja ya Sokrates dhidi ya maandishi. Anasema andiko likionewa haliwezi kujitetea, kila mara linamhitaji baba yake aje kulisaidia. Zipo karne zaidi ya 23 kati ya kitabu hicho na meza yangu, lakini nilipofika hapo nilifunga kitabu. Baba wa barua ile alikuja. Alipanda basi, akapanda ngazi za ofisi yetu, akasimama mbele yangu akiwa hai na ushahidi mkononi, na mimi nikamzuia.

Nawaona vijana wa sasa wakilaumiwa kwamba ndio walioanzisha tabia ya kukata kipande cha maneno ya mtu na kukieneza bila mwanzo wala mwisho. Sidhani ni haki kuwalaumu peke yao. Sisi tuliofanya kazi magazetini tulikuwa na kalamu nyekundu kabla wao hawajawa na simu, na tulikuwa na mshahara na cheo juu yake. Tofauti ninayoiona ni moja, nayo inanitia hofu. Zamani aliyekata alikuwa mtu mmoja, na aliyekatwa alijua aende mlango gani kuuliza. Leo sauti ya shehe, ya mchungaji, ya mbunge au ya mama wa jirani inakatwa na mtu asiyejulikana, inapita katika mikono elfu kabla ya adhuhuri, na mwenye maneno hana ofisi ya kwenda na bahasha yake. Hata anayesambaza kwa nia njema hajui kwamba alichoshika ni nusu. Mimi ile nusu nyingine nilikuwa nayo kwenye droo, na bado sikuitazama. Je, asiye nayo kabisa atafanya nini?

Gazeti lile halipo tena, na karatasi zake zilitupwa tulipohama jengo. Siwezi kuichapa barua. Lakini karatasi ya tatu na ya nne nilizisoma kwa aibu, na kinachosomwa kwa aibu hakisahauliki upesi. Naziandika hapa kadiri ninavyozikumbuka, kwa maneno yangu.

Mwalimu alisema kwamba hoja zote tatu alizisikia mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi. Waliambiwa vitabu hakuna, na kweli havikuwapo; vikaandikwa kwa sababu vilihitajika, si kinyume chake. Waliambiwa hisabati haitawezekana, na yeye mwenyewe akafundisha kigawo kikubwa cha shirika na kigawe kidogo cha shirika kwa watoto ambao baba zao hawakujua kuandika majina yao, nao wakaelewa. Istilahi, alisema, haziji kabla ya kufundisha, zinakuja ndani ya kufundisha. Kuhusu dunia, alisema mtoto afundishwe Kiingereza vizuri, kama somo, na mwalimu anayekijua, kuliko kufundishwa kila kitu kwa Kiingereza kibovu akakosa vyote viwili. Alimalizia kwa wanafunzi wake. Aliwaona wakibishana darasa la saba mpaka awanyamazishe, na aliwakuta kidato cha kwanza wamekaa kimya, wananakili ubaoni, hawaulizi. Ukimya huo ndio uliomfanya achukue kalamu.

Sera ya mwaka 2014 ilipokuja kusema kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, nilimkumbuka. Sijui kama aliishi kuiona.

Kama ulikuwa miongoni mwa waliomjibu siku zile, ulimjibu mtu ambaye hakuwapo. Mwalimu alikuwa upande wako. Hoja uliyomtukania aliibeba ili aijibu, na jibu lake lilikuwa kwangu. Lawama uliyompa ilikuwa yangu, na naomba uiondoe kwake uilete kwangu.