Mama Zangu wa Igalula na Kazi Zao

Mwanamke wa Igalula wa miaka ya 1980, ukimwomba akusimulie maisha yake, alikujibu kwa ufupi: kazaliwa, kaolewa, kazaa, analima. Basi. Lakini ukimuuliza moto wa bani ya kukaushia tumbaku unaongezwa lini, au anajuaje kwamba mtoto amekaa vibaya tumboni, hapo maneno yalitoka na kandili ikaisha mafuta kabla hajamaliza. Nilijifunza hivyo miezi ile niliyokaa nyumbani nikingoja matokeo ya kidato cha nne, na tangu hapo nimeshika njia hiyo hiyo kwa kila mwanamke niliyeketi naye kuzungumza. Naanza na mikono yake.

Baba alifanya kazi reli. Igalula ni stesheni ya Reli ya Kati, ukitoka Tabora kuelekea Itigi na pwani, na treni ilipoingia, hata ikiwa usiku wa manane, kina mama walikimbilia madirishani na karanga, matobolwa ya viazi vitamu na chupa za asali. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kwa sehemu kubwa ilifuata njia ya misafara. Wazee wetu walipenda kutaja babu zao waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Bibi zao hawakutajwa, ingawa wanawake nao walikuwamo katika misafara ile, wakibeba vyungu, chakula na watoto, na jioni wakifika kambini kazi yao ndiyo kwanza inaanza.

Mmoja wao tunamjua kwa jina. Halima alikuwa mpishi wa David Livingstone, yule mmisionari msafiri. Alikuwa Ujiji wakati mwandishi wa habari Stanley alipofika kumtafuta bwana wake mwaka 1871, akakaa Kwihara, pembeni kidogo ya Tabora, na alipofariki bwana yule mwaka 1873 alikuwa miongoni mwa waliouleta mwili wake kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, kwa miguu, wakipitia Unyanyembe, huku huku Tabora, hadi baharini. Livingstone alimsifu katika daftari lake na kuandika kwamba wakifika Unguja atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba na shamba. Yeye mwenyewe hakufika hai. Kila nikisoma habari zile natamani mtu mmoja angemuuliza Halima alipikaje kwa watu wote wale katika pori lisilo na soko, mvua ikinyesha na kuni zimelowa. Wageni walimwandika, lakini hakuna aliyemketisha akamsikiliza.

Mimi, wa kwanza niliyemketisha alikuwa mkunga wetu. Kaka yangu alikuwa ameniachia redio kaseti, betri zake tukizianika juani ili ziongeze siku mbili tatu. Nilimfuata mkunga jioni, nikamwamkia shikamoo, na alipoona kile kinasa sauti akacheka, akasema hana cha kuhadithia. Nikamuuliza: mama, ukimgusa mwenye mimba, unaanzia wapi?

"Napasha mikono moto kwanza, mwanangu. Mkono wa baridi unalikaza tumbo, na tumbo likikaza halikuambii kitu."

Kisha akaeleza. Anatafuta kichwa. Kichwa ni kigumu, ukikisukuma kidogo kinacheza peke yake. Matako ni laini, na ukiyasukuma mwili mzima unakwenda nayo. Halafu anaweka kile kipembe chake cha mbao tumboni na sikio juu yake, na wakati huo huo vidole vyake vimeshika mshipa wa mkono wa mama. Kwa nini mshipa? Ili asije akahesabu moyo wa mama akadhani ni wa mtoto. Wa mama unapiga kama 80 kwa dakika, wa mtoto unakimbia, 120, 140. Alilirudia hilo mara nyingi, akinigonga goti kila mara, kwa sababu aliona kuwa hapo ndipo watu wanapopotea.

Usiku mmoja alikuta mtoto amelala kimshazari na uchungu umekwisha kuanza. Treni haikuwapo. Akaenda mwenyewe kumwamsha baba yangu, na mama yule akapelekwa Tabora kwa kiberenge cha reli, mkunga amepiga magoti pembeni yake njia nzima, hadi hospitali ya Kitete. Wote wawili walirudi hai. Nilikuwa nimeishi nyumba moja na dereva wa kiberenge kile na sikuwahi kulisikia jambo hilo mpaka nilipouliza habari ya mikono.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa namna nyingine, mwenye kauli fupi na chaki sikioni. Alisoma Tabora Wasichana katika miaka ya 1960, wakati mkuu wa shule alikuwa Barbro Johansson, Msweden aliyeanzia kazi Bukoba, akawa raia wa nchi hii na mbunge kabla ya kuja kuiongoza shule ile. Mwalimu alimtaja kwa heshima, lakini kilichomwasha hasa kilikuwa kisomo cha watu wazima cha miaka ya 1970. Jioni, baada ya kutwa nzima na watoto, aliwafundisha mama zao. Hakuanza na herufi, alianza na tarakimu. Nilimuuliza sababu. Akasema mama hawa wanapeleka mzigo sokoni, na mshale wa mizani unasomwa na mwingine. Akishajua kuusoma, herufi atazifuata mwenyewe kwa sababu ameonja. Aliwachorea uso wa mizani ubaoni, akausogeza mshale, wakausoma kwa sauti mpaka giza likaingia.

Miaka mingi baadaye nilisoma kitabu cha Susan Geiger kuhusu wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru, kitabu kilichotoka mwaka 1997. Mwanahistoria huyo aliketi na Bibi Titi Mohamed na wenzake katika miaka ya 1980, miaka ile ile ya kaseti zangu. Bibi Titi alikuwa kiongozi wa nyimbo katika kikundi cha ngoma, na alijua kukusanya wanawake, kuwapanga na kuwafanya waitikie kwa sauti moja. Ndivyo alivyoweza kuwaingiza wanawake katika chama kuanzia mwaka 1955, kwa kupita katika vikundi vile vya ngoma. Nilifurahi mno kuona ustadi wake umeelezwa, maana majina ya mashujaa tunayo tele, na namna walivyofanya kazi ndiyo inayozikwa nao.

Wa mwisho niliyemrekodi miezi ile alikuwa mkulima wa tumbaku, mmoja wa wanafunzi wa kisomo cha mwalimu wetu. Ilikuwa msimu wa kukausha, naye akilala banini, maana moto hauachwi. Alinionyesha majani yaliyofungwa kwenye fito, akaniambia siku za mwanzo moto ni mdogo, jani liwe njano taratibu. Ukiharakisha, ukijani unakauka ndani na hautoki tena. Ukichelewa, njano inageuka kahawia. Kisha unapandisha moto jani likauke, kisha unapandisha tena mpaka uti ukatike ukiukunja. Zamani alipima kwa kuingiza uso mlangoni. Sasa alisoma kipimajoto. Mwishoni anafungua mlango usiku, unyevu uingie, jani lilegee lisivunjike.

Hayo yote alifanya yeye, lakini kadi ya chama cha ushirika ilikuwa na jina la mumewe, na malipo alipokea mumewe. Nilipomwona tena likizo ya baadaye, alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa chama hicho kudai kadi yake mwenyewe. Nilitaka kujua aliwaambia nini wanaume wale. Akasema hakubishana nao. Alikwenda na ufito mmoja wa majani, akaupitisha mkono kwa mkono, akauliza nani atamwambia kwa nini jani hili limebaki na ukijani karibu na uti. Wengine walitaja mvua, wengine mbegu. Akawaeleza: moto wa siku ya pili ulipandishwa usiku, yeye akiwa msibani, na aliyeachiwa bani hakuutazama uti.

Kadi ikaandikwa jina lake msimu uliofuata. Mtumba wake wa kwanza ulipowekwa kwenye mizani, aliusoma uzito yeye mwenyewe, kwa sauti, na karani akaandika alichosikia.