Samaki Mpole wa Chini: Uliza Kwanza Anakula Nini

Sisi tunaofuga samaki wa maji ya chumvi katika tangi la kioo tuna mazoea mamoja. Macho yetu na pesa zetu huenda kwa samaki wa juu na wa katikati, wale wa rangi za kupendeza wanaoogelea huku na huko kama watoto waliofungiwa mvua. Kisha siku moja mgeni huinama, akatazama chini na kuuliza, "Mbona huku mchangani hakuna kitu?" Basi swali hilo hulala nawe usiku kucha. Kesho yake uko dukani unatafuta samaki wa chini, mpole, asiyebughudhi wenzake.

Mimi niliulizwa swali hilo na dada ya mume wangu, na kwa haraka ya kuziba pengo nilifanya kosa ambalo bado linaniuma.

Tangi letu liko sebuleni, hapa Nairobi. Lina urefu wa mita moja na linaingia lita 200. Baba watoto alilinunua baada ya kuona moja katika hoteli ya Mombasa na kutangaza kwamba nyumba isiyo na bahari ndani si nyumba. (Mimi ndimi mtoto wa pwani, yeye wa bara, lakini hilo tuliache.) Wakati huo tulikuwa na samaki watano: wawili wa rangi ya machungwa wenye mikanda meupe, wale waliopata umaarufu katika filamu ya Finding Nemo ya mwaka wa 2003, na watatu wadogo wa kijani kibichi ambao hawatengani. Tangi lilikuwa na miezi miwili tangu tulijaze maji.

Muuza samaki alinionyesha kiumbe cha kupendeza sana. Mwili wake ulikuwa wa rangi ya majivu iliyofifia, kichwa cha manjano kama dhahabu, na shavuni mstari wa buluu uliong'aa kana kwamba umechorwa kwa kalamu. Wataalamu humwita Valenciennea strigata, naye ni wa jamii ya samaki waitwao gobi. Kazi yake ni kuchota mchanga kwa kinywa, kuuchuja, na kuutoa tena kupitia kwenye matamvua. "Huyu ni mpole, hamgusi mtu," muuzaji aliniambia. "Tena hutasumbuka kumlisha. Atakula masazo ya wenzake na kukusafishia mchanga." Nilitoa Sh2,500 na kuondoka nikijiona mjanja.

Juma la kwanza hatukutazama televisheni. Samaki alichota mchanga hapa, akaumwaga pale, akaufanya ukawa mweupe kama sukari. Kifunguamimba wangu, ambaye kimya kwake ni ugonjwa, aliita majirani waje kuona. Kitindamimba, msichana wa miaka tisa, alikaa tu kwenye kigoda mbele ya kioo. Yeye husema jambo mara moja, na usipomsikia harudii.

Katika juma la tatu alisema, "Mama, samaki wa chini amekonda."

Nilikuwa napika. Nilimjibu kwamba samaki huyo anakula mchangani mchana kutwa, hawezi kukonda. Aliniangalia, akarudi kwenye kigoda chake. Siku chache baadaye nilimkuta ameweka kidole juu ya kioo, anampima. "Alikuwa mnene kama kidole cha gumba," alisema. "Sasa ni kama hiki cha mwisho." Hapo ndipo nilipoinama na kutazama sawasawa. Tumbo lilikuwa limebonyea ndani, na kichwa kile cha dhahabu kilionekana kikubwa kuliko mwili. Niliruka, nikamwaga chakula kingi, lakini wale watano wa juu walikimaliza kabla hakijafika nusu ya maji. Jumanne asubuhi tulimkuta amelala ubavu.

Mtoto hakulia. Alisema, "Nilikwambia," akachukua mkoba wake wa shule.

Jioni nilimpigia simu baba yangu, ambaye alivua kwa miaka mingi pwani ya kusini, upande wa Shimoni. Hajawahi kuelewa kwa nini mtu anunue samaki wa kutazamwa. Baada ya shikamoo na marahaba nilimweleza yaliyotokea, nikimsifia samaki rangi yake. Hakunikata maneno. Nilipomaliza aliuliza, "Mwanangu, huyo ulimpa nini ale?" Nikasema alikuwa akila mchangani. "Mchanga wa bahari umejaa vidudu," alisema. "Wa kwako una nini?"

Swali hilo, msomaji, ndilo ningekuomba uende nalo dukani, kwa sababu jibu langu lilikuwa kwamba mchanga wangu haukuwa na kitu. Ulikuwa umetoka kwenye mfuko, umeoshwa na kukaushwa. Baharini samaki yule huchuja mchanga siku nzima akitafuta viduduchungu, minyoo midogo na vikamba visivyoonekana kwa macho kwa urahisi. Tangi jipya halina hata robo ya hazina hiyo, na ile chache iliyopo yeye huimaliza kwa majuma mawili. Baada ya hapo anachota mchanga mtupu. Ukimwona unadhani anakula, kumbe anatafuta. Samaki kama huyo anahitaji tangi pana lililokomaa kwa miezi mingi, na hata hapo alishwe mara kadhaa kwa siku, chakula kikimfikia chini alipo.

Na hii habari ya kusafisha? Aghalabu huletwa na watu waliofuga samaki wa maji baridi, ambako kuna kambare wadogo wa kuokota makombo, ingawa hata hao hawashibi makombo matupu. Samaki wa chini hapunguzi uchafu wa tangi. Anakula na anakwenda haja kama wengine, na haja hiyo hugeuka amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye mawe na kichujio huigeuza kwa hatua mbili hadi iwe naitreti, ambayo haina makali hayo. Bakteria hao huchukua kati ya majuma manne na sita kujaa katika tangi jipya. Ukitaka wa kuokota masazo, weka konokono wa baharini na kaa wadogo wanaobeba makombe mgongoni, kisha badilisha sehemu ya maji kwa ratiba. Samaki mnunue kwa kuwa unampenda na una chakula chake.

Nilipokuwa tayari kujaribu tena, sikukimbilia rangi. Niliketi na kitindamimba, tukaandika daftarini kila samaki wa chini tuliyemsikia, na mbele ya kila jina tukaandika anakula nini na anamfanyia nini jirani yake.

Wengine walifutwa mapema. Ngogo wa baharini, yule mweusi mwenye mistari myeupe, akiwa mdogo hutembea na wenzake wakiwa wamekumbatana kama mpira mmoja, na dukani huvutia mno. Lakini ana miiba yenye sumu mgongoni na kwenye mapezi ya ubavuni, na hukua akapita sentimita 30. Baba alicheka sana aliposikia kwamba kuna watu wanaomlipia pesa. Mkunga hakujadiliwa. Mandarini, samaki mdogo wa Pasifiki ya magharibi mwenye rangi kama kitenge cha harusi, ni mpole kweli kweli, ila ana ugonjwa uleule wa marehemu wetu: hutaka vidudu hai siku nzima, na wengi wao hufa njaa wakiwa mbele ya sahani iliyojaa chakula cha dukani.

Kwa bleni tulikaa kidogo. Namzungumzia Salarias fasciatus, anayepatikana kuanzia Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Hana urembo. Ni wa rangi ya udongo na madoadoa, macho yamekaa juu ya kichwa, na hukaa juu ya jiwe akikukodolea kama askari wa lango anayekuuliza unaenda wapi. Kazi yake ni kukwangua ule utando wa kijani kwenye mawe na vioo. Mimi nilimpenda kwa sura hiyohiyo ya kuchekesha. Shida ni kwamba hukua hadi kiasi cha sentimita 14, na tangi likiwa safi mno hukonda. Wako ambao huzoea kula mwani mkavu na vyakula vyenye majani, wako ambao hukataa katakata. Tangi lako likiwa na mwaka mmoja au zaidi na vioo vyako huota utando kila juma, huyu ni rafiki. Letu lilikuwa bado changa.

Mwishowe tukamchagua gobi mwingine, Amblyeleotris wheeleri. Huyu ni mwembamba, ana mikanda myekundu mwilini, na urefu wake ni sentimita 8 hadi 10 tu. Anapatikana pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi mbali katika Pasifiki. Tofauti yake na marehemu ni kwamba hachuji mchanga ili ale. Hukaa mlangoni pa shimo akingoja chakula kinachopita na maji, na kwa kawaida hakawii kuzoea uduvi wa barafu ulioyeyushwa. Kwa wenzake hana neno. Atafungua kinywa kumtisha anayekanyaga mlango wake, basi, na hapo hata mimi ningefanya hivyo.

Lakini uhondo wake hasa ni mpangaji mwenzake. Baharini samaki huyu huishi shimo moja na kamba mdogo mwenye gando moja kubwa linalolia "ta!" kama kidole kinachovunjwa. Kamba huyo haoni vizuri, lakini ni mchimbaji hodari. Huchimba shimo, hulitengeneza, hutoa mchanga nje kama tingatinga. Samaki hukaa mlangoni akilinda. Kamba akitoka, huweka moja ya papasi zake ndefu juu ya mwili wa samaki. Hatari ikija, samaki hutikisa mkia, kamba anahisi, na wote wawili wanatumbukia ndani. Tuliwanunua wote wawili siku moja, tukawatia upande mmoja wa tangi. Siku ya pili asubuhi walikuwa wameshahamia chini ya jiwe.

Ukimpata, kuna mambo machache ya kuangalia. Mawe mazito yakalie sakafu ya kioo yenyewe, usiyaweke juu ya mchanga, la sivyo mchimbaji atayaporomosha. Mchanga uwe laini na wenye kina cha sentimita 5 au zaidi, ukichanganywa na vipande vidogo vya makombe vya kushikilia shimo lisibomoke. Funika tangi kwa wavu, kwani gobi akishtuka huruka, na mimi nimesikia ya waliookotwa nyuma ya kochi. Maji yawe ya nyuzi 25 hadi 27, na kipimo cha chumvi karibu na 1.025. Chumvi ya jikoni haifai, nunua ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Stima zikipotea, kama tunavyojua zinavyopotea, uwe na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Na ukienda pwani likizo usishawishike kuchota samaki wako mwenyewe: mbuga za bahari kama za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka wa 1968, na ile ya Kisite haziruhusu uvuvi. Muulize muuzaji wako samaki wametoka kwa nani na kama mvuvi ana leseni.

Dukani, kabla ya kulipa, mwambie muuzaji amlishe samaki ukiona. Akikataa kula mbele yako, mwache arudi siku nyingine. Mtazame tumbo kutoka juu na kutoka ubavuni. Likiwa limebonyea nyuma ya kichwa, mwache pia, hata akikupunguzia bei. Hasa akikupunguzia bei.

Kulisha ndiko kulikokuwa mtihani wetu, na hapa kitindamimba ndiye mkuu wa idara. Tulipata bomba la sindano lisilo na sindano, tukalichomeka mrija wa plastiki wenye urefu wa sentimita 40. Yeye huwapa kwanza wale watano chakula upande wa kushoto, wakikusanyika huko na kelele zao, ndipo anaposhusha mrija pole pole upande wa kulia mpaka karibu na mlango wa shimo, na kusukuma uduvi kidogo kidogo. Mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya shule na saa kumi na mbili jioni. Samaki sasa huujua mrija. Hutoka kabla haujafika.

Sasa nikiwa napika na nikisikia sauti yake nyuma yangu, nageuka kwanza ndipo niulize. Si mara zote huwa ni habari ya samaki. Juma moja ilikuwa ni kwamba viatu vya shule vinambana, na vilikuwa vimembana tangu muhula uanze.

Jumapili iliyopita nilimkuta tena ameweka kidole cha gumba kwenye kioo, mbele ya shimo. Moyo ulinipiga. Nikamuuliza kuna nini.

"Hakuna," alisema bila kugeuka. "Napima tu. Bado hajafika, lakini anakaribia."

Baba watoto akauliza kutoka kwenye kochi iwapo huyo kamba naye ameliwa au yuko. Mtoto alimwonyesha kwa kidole: mchanga ulikuwa ukisukumwa nje ya shimo, rundo dogo baada ya rundo.