Utomvu wa Handeni, Povu la Korogwe

Mkata tulishuka basi, tukabanana kwenye Noah ya Handeni. Sikuwahi kukanyaga Uzigua, na mwenzangu, mtaalamu wa mimea, alikuwa amenionya kwamba tutatazama majani tu.

Mganga mmoja alitupeleka nyuma ya shamba lake la mahindi. Mshubiri na mkonge mwitu vilikuwa vimeota karibu karibu, vyote na majani manene yenye ncha. Akakata jani la mshubiri. Utomvu wa manjano ukachuruzika.

"Onja kidogo tu, mwanangu. Ukizidisha, leo utalala chooni."

Uchungu ulinikaa kooni hadi mchana. Hiyo ni aloini, ndiyo inayoendesha tumbo. Mkonge mwitu hauna habari na aloini. Wenyewe una saponini, kemikali za kutoa povu.

Jioni tulikuwa Korogwe, kwenye mkonge wenyewe. Korona, mashine ya kukamua mkonge, ilikuwa inaponda majani kwa kishindo, singa zinatoka upande mmoja, upande wa pili maji ya kijani yenye povu yakienda mtaroni. Tone lilinirukia mkononi nikajikuna njia nzima. Mmea huu ni mgeni: Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kupitia Florida, na ni miche 62 tu iliyofika hai. Hata hivyo saponini zake ni za jamii moja na za mkonge mwitu wa Handeni. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Glaxo ilitumia hekojenini, inayotokana na saponini za mkonge wa Afrika Mashariki, kutengenezea dawa ya kotisoni.

Kwa macho, ungeapa kwamba mkonge na mshubiri ni ndugu. Hata Ulaya agave, jamii ya mkonge, iliitwa shubiri ya Marekani; mtaalamu wa mimea Linnaeus alizitenganisha mwaka 1753 kwa kutazama maua. Utomvu unamuunga mkono, na vinasaba pia: leo mkonge na mkonge mwitu vimo katika familia moja, ya asparaga, mshubiri uko kwingine.

Ila povu peke yake si ushahidi, maana mimea isiyohusiana kabisa hutoa povu. Lazima molekuli yenyewe isomwe maabara.

Usiku, gesti, mwenzangu aliandika Sansevieria, jina la kitaalamu la mkonge mwitu, kwenye chupa ya utomvu wa Handeni. Nikamkumbusha kwamba siku hizi imeingizwa katika Dracaena.

"Hilo jina lako," akasema, "liandike kwenye chupa yako."