Joto la Mama
Uzee ni jioni ya maisha, na jioni huhitaji moto. Lakini moto ni rafiki mwenye sura mbili. Njombe, mji ulioinuka karibu mita 2,000 juu ya bahari, huwa na baridi kali toka Juni hata Agosti. Usiku mmoja wa Julai, nikiwa likizoni, nilimwekea mama yangu jiko la mkaa chumbani, nikafunga dirisha, nikaziba upenyo wa mlango kwa kitenge. Nilijiona mwana mwema. Alfajiri nilimkuta ameinama kitandani, kichwa kinamgonga na miguu haimtii. Nilimtoa nje, kisha nikampeleka hospitali, akapona.

Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo hutwaa mahali pa oksijeni katika damu. Kosa langu halikuwa uchache wa mapenzi, bali uchache wa maarifa. Pendo lisilo na maarifa ni kipofu aliyeshika kisu.

Tangu siku ile jiko hubaki uani. Mama huvaa sweta na soksi, hunywa uji wa moto, na hutembea kidogo jua likipanda. Mwili wa mzee huchelewa kuhisi baridi. Basi simwulizi tu hali yake, humshika na mikono. Nisipokuwapo, jirani hubisha hodi kila asubuhi.

“Mwanangu,” aliniambia mama, “ulidhani umekifungia kifo nje, kumbe ulikifungia ndani pamoja nami.”