Sanduku Lililomuuma Mtoto

Ndugu wasomaji, nataka kuwasimulia kosa langu, ili mmoja wenu asilirudie nyumbani mwake.

Marehemu mjomba wangu aliniachia kompyuta ya zamani aliyotoka nayo Ubelgiji. Ni IBM PC, aina iliyotolewa kwanza Marekani mwaka 1981: sanduku zito la chuma. Jioni niliiwasha kwa furaha hapa kwetu Lubumbashi, na watoto wakakusanyika kuitazama.

Siku moja mtoto wangu wa mwisho alilia: «Baba, sanduku linauma!» Nikaligusa mimi mwenyewe, nisisikie kitu. Nikamgombeza, nikamwambia asiseme uongo. Kumbe mimi nilikuwa nimevaa viatu vya mpira, naye alisimama miguu mitupu juu ya sementi yenye maji.

Siku ya tatu niligusa bila viatu. Loo! Vidole vikasisimka kama vimeumwa na siafu.

Basi nikamwita fundi mzee wa mtaa wetu. Kwanza alipima umeme unaolisha mashini ndani: volti 5 na volti 12, zote sawa. Kisha akapima toka chuma cha sanduku mpaka bomba la maji: volti 110 hivi! Nikashangaa, maana umeme wa nyumba ni volti 220.

Fundi akanieleza: «Mahali umeme unapoingia mna kapasita mbili ndogo za kuchuja makelele. Kila waya una yake, nayo imefungwa kwenye chuma. Waya wa udongo usipokuwapo, chuma hubaki katikati, nusu ya 220. Umeme huo ni kidogo, huchoma tu. Lakini kapasita moja ikiharibika kwa uzee, volti 220 nzima zaweza kuingia katika chuma, na mtu aweza kufa.»

Tukachomoa mashini, tukapima waya wake wa udongo: mzima. Tukakata umeme wa nyumba, tukafungua prize ya ukutani. Waya wa tatu haumo! Mashini haikuwa na kosa. Ugonjwa ulikuwa ukutani, tangu nyumba ilipojengwa.

Fundi akapiga fimbo ya shaba ardhini, akavuta waya wa rangi ya majani na manjano mpaka kwenye prize. Akaongeza kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampea 30, maana fimbo peke yake haitoshi. Tukapima tena: karibu sifuri. Kisanduku cha umeme cha ndani hakukifungua, kwa kuwa volti 300 hivi zaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa.

Jioni nilimwita mtoto. «Mwanangu, ulisema kweli. Baba ndiye aliyekosa.» Akagusa chuma kwa kidole kimoja, akacheka.

Wazazi wenzangu, mtoto akisema kitu kinamuuma, msimgombeze, wala msijaribu kwa mkono kama mimi. Kateni umeme, mwiteni fundi mwenye kipimo.