Bwana aliyepotea, ndoa inayobaki

Katika mikutano yetu kuna wenzetu ambao tunakosa jina la kuwaita. Si wajane, kwa kuwa hakuna aliyezikwa. Si walioachwa, kwa kuwa hakuna aliyewafukuza. Bwana alitoka hapa Lubumbashi kwenda kutafuta pesa kwenye machimbo ya Kolwezi, ao alipita Kasumbalesa akaingia Zambia, kiisha tukasikia yuko Afrika ya Kusini. Mwanzoni alipiga simu kila juma, kiisha kila mwezi, kiisha namba haikuitika tena.

Wengi kwetu wanasema: "Miaka imepita, ndoa imekufa yenyewe." Hapana. Kwa sheria ya jamaa ya Kongo, ile ya 1987 iliyobadilishwa 2016, talaka inatoka kwa hukumu ya tribinali. Hata jamaa mbili zikae chini ya mti na kurudishiana mahari, mbele ya sheria mama angali bibi ya yule aliyepotea. Na akiolewa na mwingine mbele ya eta sivil, hiyo ni kosa.

Jambo hilo si maneno ya karatasi tu. Mwenzetu mmoja, ambaye tulimsindikiza, alikaa miaka saba bila habari. Alizaa mtoto na mwanaume mwema ambaye alitaka kumuoa. Lakini sheria inasema mtoto anayezaliwa ndani ya ndoa, baba yake ni bwana wa ile ndoa. Basi mtoto yule alihesabiwa kuwa wa mtu ambaye hajapata kumuona. Tena siku moja mashemeji walileta mnunuzi wa parsele, yule mama angali anapika jikoni. Ndipo alipokuja kwetu analia.

Jambo lililomfunga zaidi halikuwa pesa. Aliogopa. Mama mkwe alimwambia: "Unataka kumzika mtoto wangu angali hai?" Neno hilo linawafunga wamama wengi, kwa hiyo tunapenda lieleweke. Kuomba talaka si kusema bwana amekufa. Kuomba tribinali itangaze kwamba mtu asiye na habari amekufa ni njia nyingine, na ina masharti yake. Talaka inasema tu kwamba nyumba imebomoka na haiwezi kujengwa tena. Kama bwana ametengana na bibi yake miaka mitatu ao zaidi, hiyo inamsaidia jaji kukubali kwamba ni hivyo.

Kwanza tulienda naye kwa wakwe, si kugombana, ila kuuliza: nani alimsikia mara ya mwisho, na wapi? Tuliuliza pia rafiki zake wa machimboni. Majibu hayo, pamoja na neno la shefu wa kartie na la majirani, yalikuwa ushuhuda wake. Alichukua karatasi ya ndoa na za watoto, akapeleka ombi kwenye tribinali ya amani. Kwa kuwa hakuwa na uwezo, komine ilimpa karatasi ya kuonyesha hivyo, na kwenye ofisi ya maavoka inayotoa mashauri bila malipo alipata avoka wa kumwongoza.

Jaji anajaribu kwanza kupatanisha. Mwenzetu aliitika jina lake, na kiti cha pili kikabaki kitupu. Kwa kuwa bwana hakujulikana anakaa wapi, mwito wake ulibandikwa kwenye mlango mkubwa wa tribinali, na sehemu yake ikapelekwa itangazwe katika Journal Officiel. Tulienda pamoja kuusoma. Majina yao mawili yalikuwa pale mlangoni, watu wakipita na mafaili mkononi. Mwenzetu alisimama kimya, kiisha akasema: "Nimemwita. Asikie, asisikie, nimemwita."

Ilipita miezi mbele ya audiansi. Bwana hakuja, na jaji alikata maneno bila yeye. Hata hukumu ilitangazwa kwa njia ileile, ili aweze kuipinga kama yuko. Wakati huo ulipokwisha, komine iliandika talaka kando ya akti ya ndoa. Leo mashemeji hawawezi tena kugusa parsele bila kupita mbele ya jaji.

Mama mkwe hakufurahi, na hatukumwomba afurahi. Yeye pia angali anangojea mtoto wake. Mwenzetu anampelekea unga kila mwisho wa mwezi, na wajukuu wanaenda kulala kwake wakati wa likizo.

Kama wewe, ao dada yako, uko katika hali hiyo, chunga karatasi ya ndoa, na uandike tarehe ya habari ya mwisho angali unaikumbuka. Kama ndoa ilikuwa ya desturi na haikuandikwa komine, uanze na hilo. Kiisha kuja siku ya mkutano. Tutakusindikiza mpaka mlangoni pa tribinali, na ndani pia.