Pikipiki, bidoni za maji na makorongo ya Arizona

Wiki hii hatuandiki juu ya chanjo wala karo ya shule. Kuna safari inayotayarishwa nyumbani kwetu hapa Uvira, ingawa wasafiri wenyewe wako Phoenix, Marekani, na sisi hatutatoka mlangoni. Tumekaa nayo tangu mwezi wa tano. Kwa kuwa wengi wenu mna mtoto au ndugu upande ule, tumeona vema tuwape habari zake.

Mdogo wetu na bwana yake walipita kambi ya Nyarugusu, kule Tanzania, wakakaa miaka tisa, ndipo wakapelekwa Phoenix, jimbo la Arizona. Ni mji mkubwa uliojengwa katikati ya jangwa. Tangu wafike wamefanya kazi, wamezaa, wamelipa nyumba, na nchi yenyewe hawajaiona isipokuwa barabara ya kwenda kazini. Sasa wamepata siku saba za mapumziko. Watoto watabaki kwa mama mmoja wa Fizi, jirani yao. Nao wawili wanataka kwenda kuona makorongo ya mawe yanayosifiwa dunia nzima, na parke za taifa zinazoyalinda. Kwa pikipiki.

Neno hilo la mwisho ndilo lililoleta shida. Mama alirudisha telefoni mezani bila kusema kwaheri. Wanaotujua wanajua kwamba kaka yetu alikufa kwa pikipiki kwenye barabara ya Kamanyola, akiwa amebebwa watu watatu, bila kaske, na tangu siku ile hakuna mtoto wa nyumba hii anayepanda pikipiki mama akiona. Juma mbili hakutaka kusikia habari ile. Kisha siku moja, tukichambua mchele, akasema: "Basi wanieleze njia yote, kilomita kwa kilomita. Nisipoelewa, hawaendi."

Ndiyo sababu kila Jumamosi saa mbili ya usiku kwetu, ambayo kwao ni saa tano ya asubuhi ileile, tunanunua mega na kukaa: mama, sisi, watoto, ramani tuliyochora wenyewe, na kaye ambamo mama anaandikisha masharti yake. Kaye hiyo imefika ukurasa wa kumi na moja.

Njia waliyochagua ni hii. Kutoka Phoenix wanapanda kaskazini kilomita 230 hivi hadi Flagstaff, kisha 130 hadi Grand Canyon. Toka hapo wanazunguka kwa mashariki hadi mji wa Page, wanaingia jimbo la Utah kuona Zion, halafu Bryce Canyon, na kurudi. Jumla ni karibu kilomita 1,600. Shemeji alisema barabara yote ni lami. Mama akajibu kwamba kaka yetu pia alikuwa kwenye lami.

Tuliomaliza ISP upande wa jiografia tulidhani kueleza Grand Canyon ni kazi nyepesi. Tukasema: ni korongo lenye urefu wa kilomita 446, lililochongwa na mto Colorado, na lilifanywa parke ya taifa mwaka 1919. Mama akatutazama tu. Ndipo tukafikiri juu ya ziwa letu. Ziwa Tanganyika, pale penye kina kirefu kuliko pote upande wa kusini, lina mita 1,470. Tukamwambia: tuseme maji yote yametoka, nawe umesimama ukingoni unatazama sakafu ya ziwa, na ng'ambo unaona milima ya Burundi. Korongo lile lina kina cha kiasi hicho, na pengine kupita. Pahali papana zaidi upana wake unafika kilomita 29, si mbali na maji yaliyo kati yetu na Bujumbura. Chini kabisa kuna mto, nao kutoka juu unaonekana kama uzi.

Mama, ambaye baba alimwacha mara nyingi ufukoni akingoja taa za mitumbwi, alikaa kimya kitambo kirefu. Akauliza: "Maji yalikwenda wapi?" Hakuna mwanafunzi aliyewahi kutuuliza swali zuri kama hilo. Tukaeleza kwamba hayakuwa ziwa. Kwetu nchi ilipasuka, upande ukashuka, maji yakajaa ndani. Kule ardhi iliinuka polepole, na mto uliobeba mchanga ukawa unakata kama msumeno kwa mamilioni ya miaka. Mawe ya chini kabisa yana umri wa karibu miaka bilioni 1.8. Namba hiyo mama aliipokea kwa adabu tu.

Watu wengi hufika ukingoni wakaona njia nzuri inayoshuka, wakashuka kwa furaha. Kupanda huchukua karibu mara mbili ya muda wa kushuka, na chini kuna joto kuliko juu, kinyume cha mlima wa kawaida ambao ukichoka unarudi chini nyumbani. Walinzi wa parke huwaonya watu wasijaribu kwenda mtoni na kurudi siku moja. Mdogo wetu alitaka kushuka nusu ya njia. Katika kaye imeandikwa: saa moja kwa saa ya mkono, kisha wageuke, hata kama mbele kuna malaika.

Baada ya hapo tulifika Page, na hapo mama ndiye aliyekuwa mwalimu. Karibu na mji huo, katika nchi ya Wanavajo, kuna korongo liitwalo Antelope Canyon: ufa mwembamba katika mwamba mwekundu, wenye kuta laini zilizopindapinda kama kitambaa, na mwanga unaingia kutoka juu. Mdogo wetu ameweka picha yake kwenye telefoni yake. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa mle ndani. Penye ufa mvua ilikuwa kidogo sana. Ilinyesha mbali, upande wa juu, na maji yakaja na matope yakajaza ule ufa kwa ghafla.

Tulianza kueleza namna jambo hilo linavyowezekana. Mama akatukata. "Mulongwe," akasema. Kweli. Nani hapa Uvira asiyekumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipoteremka na mawe makubwa kama nyumba, ukachukua watu na kubomoa nyumba kwa maelfu? Wengi wetu tulijifunza siku zile kwamba mto hautazami mbingu iliyo juu ya kichwa chako, unatazama mbingu ya mlimani. Mama akamwuliza mdogo wetu: "Huko milima inayolisha ufa huo iko upande gani? Nani anaitazama?" Leo hakuna anayeingia Antelope Canyon bila kiongozi Mnavajo, nao hufunga kukiwa na hatari ya mvua. Mama akataka waulize wenyewe asubuhi ya siku ile, na kama kuna wingu lolote, pesa ya tiketi ipotee. Majira ya mvua za ghafla katika Arizona yanahesabiwa toka katikati ya mwezi wa sita hadi mwisho wa mwezi wa tisa. Ndivyo safari iliyokuwa ya Agosti ilivyohamishwa hadi katikati ya Oktoba.

(Kwa wamama wa chama tu: kwa Wanavajo ukoo unafuata mama. Mama aliposikia, akasema hao ni watu wenye akili.)

Sababu ya pili ya kuhama Agosti ni joto. Mwaka 2023 Phoenix ilipita siku 31 mfululizo zenye joto la nyuzi 43 au zaidi kila mchana. Tulidhani mwenye pikipiki ana nafuu, kwani anapigwa na upepo. Shemeji ndiye aliyetufundisha. Hewa ikiwa na joto kuliko mwili, upepo hauponyi, unachoma, na unakausha jasho kabla hujajua kwamba umetoa jasho. Mtu anaishiwa maji huku ngozi yake ni kavu. Kwa hiyo katika jangwa hawavui nguo, wanajifunika: mikono mirefu, glavu, na kitambaa chenye maji shingoni. Mdogo wetu atalowanisha kitenge, kile cha maua ya njano alichoondoka nacho hapa. Maji ya kunywa ni lita 4 kwa mtu mmoja kwa siku, kwa hiyo bidoni ya lita 10 itafungwa nyuma, na itajazwa kila mahali penye bomba hata ikiwa haijapungua. Mama alisema hilo halikuhitaji kaye, mtoto aliyekulia kambini anajua kuheshimu bidoni.

Lakini msifikiri ni joto tu. Phoenix iko chini kuliko ziwa letu, kama mita 330 toka usawa wa bahari. Flagstaff iko mita 2,100, penye misonobari. Bryce Canyon inapita mita 2,400, na usiku wa Oktoba maji huweza kuganda. Ni kama mtu kutoka sokoni Mulongwe akapanda Itombwe siku ileile, ila yeye amekaa juu ya pikipiki. Basi wanabeba makoti, na mzigo umezidi. Shemeji alitaka kupunguza maji. Hapo tuligombana kweli, na koti lake la pili ndilo litakalobaki nyumbani.

Jambo la kaske lilichukua Jumamosi nzima. Sheria ya Arizona inailazimisha kwa walio chini ya miaka 18, na Utah kwa walio chini ya 21. Mtu mzima anaruhusiwa kuendesha kichwa wazi. Mama hakuamini kwamba serikali tajiri kiasi hicho inaweza kuacha jambo kama hilo. Ukurasa wa kwanza wa kaye, mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa: KASKE MBILI. Wametutumia picha zake. Mama alizikuza kwa vidole, akatazama kamba za kidevuni.

Hapa lazima tuseme jambo la kuchekesha. Shemeji alikuwa motari hapa Uvira miaka minane, lakini mtihani wa maandishi wa leseni ya pikipiki aliuanguka mara ya kwanza, maana mkono wake unajua kuliko kalamu yake. Mdogo wetu, ambaye hapa hakuwahi kushika hata usukani wa baiskeli, aliufaulu siku hiyohiyo. Kwa hiyo mle ndani ya jangwa wataachiana, naye ataendesha sehemu za wazi kati ya Page na Kanab, karibu kilomita 120 za mchanga na miamba. Mama alipojua kwamba binti yake ndiye atakayeshika pikipiki, tulingoja azime telefoni. Hakuzima. Aliuliza kama miguu yake inafika chini.

Masharti mengine tuyataje haraka. Hakuna kuendesha usiku, kwa kuwa paa wakubwa huvuka barabara karibu na parke, na katika nchi ya Wanavajo ng'ombe na farasi hutembea huru. Esanse inajazwa tangi likiwa nusu. Katika Zion pikipiki inaachwa mlangoni, kwa sababu miezi mingi ya mwaka bonde lenyewe huingiwa kwa basi la parke tu. Kabla ya tuneli ya Zion, ya mwaka 1930, yenye karibu kilomita mbili za giza, miwani ya jua inavuliwa. Saa pia ina fitina yake. Arizona haibadilishi saa wakati wa kiangazi, Wanavajo na Utah wanabadilisha, na telefoni njiani itaruka mbele na kurudi nyuma. Kwa hiyo mdogo wetu atavaa saa ya mkono ya Phoenix, na saa hiyo ndiyo tutakayoifuata hapa tukingoja ujumbe wa kila jioni. Ukingo wa kaskazini wa Grand Canyon tumeufuta: mwaka 2025 moto wa msitu uliteketeza hoteli ya zamani iliyokuwa pale, na kwa barabara ni kilomita zaidi ya 300 kuzunguka.

Mama aliomba jiwe dogo jekundu la kuweka juu ya kabati, karibu na picha ya kaka. Ikabidi tumwambie kwamba kuchukua jiwe katika parke ni kosa. Aliwaza, kisha akasema basi wasimame pale ukingoni wampigie, awasikie tu wakiwa wanatazama.

Jumamosi hii tunarudi kwenye usiku wa Bryce. Wao wanataka hema, kwa sababu ya nyota na kwa sababu ya pesa. Mama anataka chumba chenye mlango. Sisi hatujachagua upande, ila mega zimekwisha nunuliwa.